Chembe za Kadiri

Mjukuu wangu, mume wangu,

Mimi mzima, goti tu ndilo korofi. Anayeniandikia ni fundi cherehani. Mimi kalamu siijui.

Ulinieleza kwenye simu kwamba chembe za dawa zikiwa kubwa, seli haizimezi. Zikiwa ndogo mno, zinateleza. Za kadiri ndizo zinazoingia. Nikamsimulia mama yako kitandani. Akacheka: "Mwanangu anapima vumbi!" Tangu hapo kila asubuhi huniuliza, "Amepata kipimo?" Nami humjibu, "Bado kidogo."

Leo hakuuliza. Hata maji ya kijiko hayamezi tena.

Waachie wenzako hizo chembe, baba. Dawa yako haitamwahi, lakini wewe ukiondoka leo utamkuta. Usiniache nimfumbe macho mwanangu peke yangu.

Bibi yako, mke wako