Vimelea vya Ng'ombe wa Mahari

Jumanne, Busia

Yaani mtu wa maabara kama mimi leo nimegeuzwa hakimu wa mahari! Nilimweleza Mzee Wandera wa Dabani kwamba ng'ombe wake wana vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi unaowapata hata watu, vya aina mbili zenye vinasaba tofauti. Akaruka.

"Hii ya pili imetoka Kenya na ile ng'ombe ya mahari! Wakwe wakuje wachukue!"

Nikamwambia mbung'o, nzi anayevieneza, havuki mpaka kwa kitambulisho. Hakusikia. Bintiye aliyetolewa mahari hiyo akaangua kilio, akidhani ndoa imevunjika.

Tukabishania uraia wa vimelea mchana kutwa. Mzee alikuwa akisinzia katikati ya maneno yake mwenyewe, nami nikamcheka.

Ng'ombe wake wote nimewapima. Yeye sikumpima.