Shanga Zako, Mama, na Banda Tulilolichoma

Mwaka umetimia, Mama Soazara, tangu tukulaze chini ya mawe hapa Ankilimare, na bado tukipika viazi vitamu jioni kuna mtu husahau akakuwekea chako pembeni.

Ulikuwa mwepesi wa kufoka na mwepesi zaidi wa kucheka. Ulirudi kutoka chuo kikuu ukaikataa kazi ya mjini, ukajenga banda la bati nyuma ya ua wa mipungate. Wakati huo kijiji kiliishi kwa kung'oa mizizi ya vinka, lile ua la pinki, na kuwauzia watu wa malori. Kila msimu bonde lilizidi kuwa kipara. Ukasema mizizi ikae ardhini, leteni majani tu.

Dawa ya saratani, ulitueleza, imo majanini kwa nusu mbili zilizotengana, na cha kuziunganisha ni kimeng'enya. Ulikitoa kwenye figili, ukakifungia ndani ya shanga ndogo laini za ute wa mwani, ukazijaza kwenye mirija ya kioo, kila mmoja ukiufunga shingoni kipande cha kitenge chako cha njano. Maji ya majani yaliingia juu, yakatoka chini yamebeba dawa, na shanga zikabaki palepale zikingoja kazi nyingine. Jirani yetu Vontana hakuamini.

"Zilezile za juzi? Hata majani ya chai huyarudii hivyo, wewe mwanamke."

"Chai huisha nguvu, shoga yangu. Hizi nikiziosha kwa maji baridi, kesho zinaamka na njaa."

Wanawake wakaweka majembe chini. Uliwaapia mbele ya ng'ombe aliyechinjwa kwamba maadamu banda limesimama, majani yao yatanunuliwa na hakuna atakayelazimika kung'oa mzizi. Bonde likarudi kuwa la pinki, na Baba akawa analalamika kwamba shanga zimempokonya mke.

Tusikufiche, tuna kinyongo nawe kidogo. Namna ya kukifunga kile kimeng'enya hukumfundisha Limbesoa, binti uliyemzaa, eti ana mikono ya haraka. Ulimfundisha Mahavelo, msaidizi wako, aliyekula nasi miaka mingi mpaka tukazoea kumwita kaka.

Ulipotutoka, tulijiandaa kuichoma nyumba yako, kama afanyiwavyo kila marehemu wetu, usiwe na kitu cha kukurudisha huku. Nyumba tu. Banda hakuna aliyelitaja. Ni Mahavelo aliyesimama mbele ya Mjomba Rehova, msimamizi wa msiba, machozi yakimtiririka, akasema ulilala bandani kuliko ulivyolala nyumbani, na kila mtu alijua ni kweli.

"Mkiliacha lile banda, Mama atarudi kila siku kuosha shanga," alisema. "Mnataka asipumzike?"

Nani angekunyima mapumziko? Akatuomba tusiingie ndani, tusivuruge vitu vyako, nasi tukamtii. Limbesoa ndiye aliyewasha moto, kwa kuwa ndiye mkubwa. Bati zilipokunjamana tulilia, kisha tukamkatia Mahavelo nyama ya nyuma ya ng'ombe, ile anayopewa mtu wa heshima. Aliipokea kwa mikono miwili.

Mvua zilipokatika, Limbesoa alikwenda Tolagnaro kuuza mbuzi, akasikia Mahavelo amefungua jengo karibu na bandari. Alifurahi, Mama. Akanunua samaki wa kumpelekea kaka yake. Alipoingia akaiona mirija yako imepangwa ukutani, kila mmoja na kile kipande cha kitenge chako cha njano shingoni, shanga zikiwa kazini. Mahavelo alikuwa ameihamisha yote wakati sisi tunakulilia. Majani alikuwa akiyachukua kwenye shamba kubwa la watu wa huko huko.

"Kaka, ulituambia tuchome."

"Sasa ningeziacha ziungue, dada? Kazi ya Mama ingepotea bure."

"Basi zirudishe nyumbani."

"Nyumbani wapi? Banda mmelichoma wenyewe. Mimi sikushika kiberiti."

Limbesoa alirudi na samaki wake yuleyule, ameshaoza njiani.

Malori yamerudi Ankilimare. Wanawake wamechukua tena majembe, na hatuna uso wa kuwazuia, maana watoto lazima wale. Vontana hapiti tena uani kwetu. Anawaambia wenzake kwamba Soazara aliapa uongo mbele ya ng'ombe, na hilo ndilo linalotukata maini kuliko wizi wenyewe. Hukuapa uongo. Uliapa maadamu banda limesimama, na sisi wanao ndio tuliolichoma. Limbesoa anajaribu kutengeneza shanga nyingine jikoni. Mpaka sasa zinayeyuka majini, naye anaanza upya.

Tunaokukumbuka ni mumeo Masinandro, anayelala upande wake wa mkeka na kuuacha wako wazi. Binti yako Limbesoa. Mwanao Fiandraza na mkewe. Kaka yako Rehova, ambaye tangu siku ile hataki kusimamia msiba wa mtu yeyote. Na wajukuu, pamoja na yule aliyezaliwa bila wewe kumwona.

Katika tangazo la kifo chako tulimwandika Mahavelo miongoni mwa wanao. Humu hayumo.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama. Utusamehe ule moto.