Nimefungua Saluni, Nimefunga Tena

Mwandiga, Juni 2020

Dada Révérienne,

Mama hajambo, kila siku anauliza habari za Bujumbura.

Baada ya kufunga kwa ajili ya korona, nilifungua tena saluni. Mteja ananawa, anavaa barakoa, namsuka nje. Wa kwanza alikuwa Mama Semeni, mwenye nyumba wetu. Nilipofika katikati akaanza kukohoa.

"Mama, twende zahanati kwanza."

"Utaniacha hivi, nusu kichwa?" Akalia.

Nikamfunika kanga yangu, nikampeleka. Sasa amepona, anataka nimalizie. Lakini saluni nimeifunga tena.

Tangu jana nakohoa mimi. Mama nimemhamishia kwa jirani, nimemdanganya kuna kunguni. Kesho naenda zahanati. Ukimpigia, mwulize habari za kunguni tu.

Mdogo wako,
Kaneza