Ulinibipu Mlima Ukiwaka

Shangazi mpendwa, mama yangu wa pili,

Jumamosi ni kuganduka kwako. Mwaka umetimia, tunamaliza msiba, na familia imenichagua mimi nisimame niseme kwa niaba ya wote. Wanasema hakuna aliyekupenda kama mimi. Nimekaa na karatasi siku tatu, na kila sentensi ninayoandika inanitia haya, kwa sababu kuna jambo ambalo sijalisema mbele ya mtu yeyote. Nakuandikia wewe kwanza. Halafu barua hii nitaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, kila mtu aisome.

Unakumbuka ulivyonichukua mama alipofariki? Nilikuwa na miaka sita. Ulinipandisha hadi kilimani kwenu mgongoni, mtoto mkubwa vile, na watu njiani wakakucheka. Kule juu nilijifunza kuchunga mbuzi, kupalilia maharagwe, na kuogopa kiangazi. Kila mwaka moto ulizuka mahali, na mtu akipiga induru, ule ukelele wetu wa kuomba msaada, watu waliacha vyungu jikoni wakakimbia na matawi mabichi kwenda kuupiga. Siku moja mimi nilibaki nikila. Ulirudi una masizi usoni, ukaninyang'anya sahani.

"We mutoto, mutu anasikia induru na anabaki anakula?" ukasema. "Apana. Uyo si mutu."

Nililia kwa sababu ya chakula, si kwa aibu. Aibu yenyewe imekuja mwaka jana.

Nilipopata kazi bandarini, ya kutoa mizigo ya watu forodhani, nilikununulia simu. Unité, yaani salio la kupigia, ilikuwa inakushinda, basi tukapatana: ukibipu mara moja, yaani simu ilie kidogo ukate, umenisalimia tu. Ukibipu mara mbili, nikupigie. Mwanzoni nilikupigia mbio. Kisha nikahamia Kinindo, mtaa wa wenye pesa kando ya ziwa, nikapata gari na marafiki wenye magari, na bipu zako zikaanza kunichosha. Nilijiambia unataka unité, au sukari, au habari za harusi yangu isiyokuja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Shangazi, hata kama njaa hiyo aliijua mwenyewe zamani.

Mwaka jana mvua ikagoma. Vilima vyote juu ya mji vilikauka, na wiki baada ya wiki moto ukaruka kutoka mlima hadi mlima. Majivu yalishuka hadi kwetu huku ziwani. Unajua sisi tulilalamikia nini? Magari. Tuliyaosha asubuhi, jioni yamechafuka tena.

Siku ile nilikuwa kwa mkubwa wangu wa kazi, tumekaa barazani, brosheti za nyama ya mbuzi zinachomwa. Giza lilikuwa ndio linaingia, na moto ulikuwa umechora mstari mwekundu kule mlimani. Nikasema kwa sauti, "Tazameni, mlima umevaa mkufu!" Walicheka sana. Mkubwa wangu aligonga meza kwa kicheko, nami nikafurahi kama nimepandishwa cheo. Ndipo simu ikalia, ikakatika, ikalia tena.

"Ni nani uyo?" akauliza mkubwa.

"Ni shangazi wa kule juu. Atakuwa anataka unité."

Wakacheka tena. Nikaigeuza simu kifudifudi. Iliendelea kulia na kukatika pale mezani, mara sita, mara saba, na mimi nikaendelea kula.

Asubuhi niliitwa, na nilipofika kilimani nikaelezwa yote. Moto ulishika paa la nyasi la jikoni, ukaja nyumbani. Wewe ulikuwa umeshatoka, mbuzi wametoka, na binti yako Goreti ametoka. Kisha ukakumbuka karatasi za shamba la marehemu baba yangu, zile ulizonitunzia tangu utoto ili nisije nikadhulumiwa. Ukaingia, hukuzikuta sandukuni. Ukatoka ukanibipu uniulize. Sikujibu, ukarudi ndani kuzitafuta tena, na moshi ukakuzidi.

Karatasi hazikuwamo, Shangazi. Nilikuwa nimezichukua mimi, siku ulipokuwa sokoni, nikazitoe nakala kazini, na sikukuambia. Zilikuwa kwenye droo yangu Kinindo. Ningekupigia ningekwambia ziko kwangu, toka humo, na leo ungekuwa unanisumbua kuhusu harusi.

Siku ya mazishi baba mdogo aliniuliza mbele ya watu, "Alikubipu, aukuona?"

"Réseau ilikuwa mbaya," nikajibu.

Wote wakaitikia kwamba ndiyo, siku ile réseau ilikuwa mbaya, pengine moto ulichoma nguzo ya mtandao wa simu. Walinishika mabega, wakanipa pole. Nikazipokea. Nimezipokea mwaka mzima, Shangazi, na sijui nilikuwa na uso gani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilianza kuamini kwamba yangu haina mwisho.

Jana nilikwenda kwa Goreti kumsomea barua hii kabla ya kuituma. Nilikuwa nimeiandika hadi hapo juu tu. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo, na hakuinua kichwa hata nilipofika kwenye habari ya karatasi za shamba. Nilipomaliza akaendelea kutoa vijiwe.

"Mi najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mama alinipa simu mbele ya kurudi mu nyumba. Akasema, endelea kumubipu. Nilikuwa naiweka kwa sikio. Kila mara ililia. Kama réseau iko mubaya, simu ailii kabisa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya mazishi, watu wote wakiwapo.

"Nilisema mu roho, uyu ni kaka yangu, atasema ye mwenyewe. Kila dimanshi ulikuwa unakuja hapa, nakuwekea chakula, nangoja."

Jumapili zote hizo, Shangazi. Alinisalimia, akaninawisha mikono, akauliza habari za bandarini, nami nilikuwa nampa pole ya kufiwa na mama yake. Sikuweza kumtazama. Nikamuuliza, huku naangalia ungo, kama bado anataka nisimame Jumamosi au wamtafute mwingine.

"Simama," akasema. "Lakini usianze na kumusifu mama. Anza na simu."

Nitaanza na simu. Msamaha sina uso wa kukuomba. Nakuomba tu, popote ulipo, unisikilize nikisema.

Mimi,
mtoto wa kaka yako, uliyembeba mgongoni