Mimi si Yai

Jumatatu, 6 Februari

Leo nimerudi shule. Mifupa yangu ni mizima. Hospitali walisema hivyo, nami nasema hivyo. Mama peke yake ndiye hajasikia. Kanivalisha sweta tatu! Sawa, vumbi la jangwani limeufunika mji wote wa Tamale, na asubuhi kuna baridi — lakini tatu? Mikono haishuki. Nimeingia darasani kama gunia la vitunguu lenye miguu.

Halafu Mwalimu Sanatu akanisimamisha mbele ya Darasa la Sita A lote. Eti Wunpini ana selimundu, chembe za damu yake hupinda na kukwama, mifupa ikauma vibaya, kwa hiyo asisukumwe, asikimbizwe, asiguswe. Kwani nani hajui? Tuko pamoja tangu chekechea! Kisha akaweka kiti nje ya ofisi. Changu. Wenzangu wakicheza, mimi nikae pale.

Msichana mwenzangu Tiyumba akapita akinyata. "Samahani, Yai. Nisije nikakupasua."

Kabla sijalazwa Desemba, Tiyumba hakuwahi kunishinda ampe, mchezo wetu wa kuimba, kuruka na kukisia mguu atakaorusha mwenzako. Hata mara moja!

(Picha: yai lenye nywele za kusuka, limenuna. Pembeni Tiyumba, pua kubwa kuliko ilivyo. Makusudi.)

Jumanne, 7 Februari

Aibu. Aibu tupu.

Katikati ya hesabu moyo ukaanza kudunda. Vidole vikafa ganzi. Pumzi ikagoma kushuka. Nikajua imeanza tena, narudi wodini, na safari hii sitoki. Nikapiga ukelele. Mimi! Mama akaja na bajaji, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu.

Kwenye zahanati, muuguzi Sista Lariba akanibonyeza miguu, mgongo, mikono. Hapa panauma? Hapana. Na hapa? Hapana. Akapima na damu. Nzuri. "Binti yangu, hii ni hofu."

Nikasema basi nimewadanganya watu. Akasema hapana, hofu nayo inaukamata mwili kwelikweli, na huwapata wengi waliowahi kulazwa. Akanifundisha: toa pumzi polepole kama unapoza uji. Kisha jikague mwenyewe. Ni mfupa unauma, au ni moyo unakimbia? Mfupa ukiuma sema hapo hapo, usijikaze.

Nikauliza kuhusu ampe. Akasema cheza, ila kidogo kidogo, unywe maji, ukichoka upumzike. Kasema mbele ya Mama! Ghafla Mama akaanza kutafuta chini ya kitanda kandambili ambayo alijua iko nyumbani.

Jumatano, 8 Februari

Nimemwambia Mwalimu Sanatu maneno ya Sista. Akasema Mama kapiga simu asubuhi, kakataa. Hapana.

Hapana!

Ijumaa tunacheza ampe na Sita B. Wenzangu wamefanya mazoezi, mimi nimekaa. Tiyumba anarusha mguu wa kulia kila mara. Hata mbuzi anaweza kumkisia.

Sweta zimebaki mbili. Moja imepotea. Sijui imepotelea wapi. (Najua.)

Alhamisi, 9 Februari

Nimefanya!

Mapumziko yalipoanza nikabeba kile kiti mpaka katikati ya uwanja, nikakaa. "Mwalimu kasema nikae. Nimekaa. Nani anacheza?"

Tiyumba akacheka mpaka akameza vumbi. Nikamwambia alete kiti, au anaogopa yai? Akaleta. Tukaimba, tukapiga makofi, tukarusha miguu. Kulia. Kulia. Kulia! Nimemshinda hajajua hata tumeanza.

"Wewe Yai, rudia!"

"Naitwa Wunpini."

Akanikodolea macho. "Wunpini, rudia."

Haya!

Muda si muda kila msichana ana kiti. Mwalimu mkuu akatoka akiuliza nani kaihamisha shule. Nikanyoosha mkono. Mpaka juu kabisa!

Mama akaitwa. Mwalimu Sanatu akaanza kueleza jinsi mtoto huyu alivyo mkaidi. Nikamkatiza. Si adabu, najua. Nikasema, "Mama, kama nitakaa tu nikitazama wenzangu, hapa na wodini kuna tofauti gani?"

Akanishika mkono, tukaondoka.

Jioni tunakula tuo, ugali wetu, kwa mlenda, akaacha kula. Akasema na yeye moyo humdunda hivyo hivyo. Tangu Desemba. Kila nikikohoa. Akiwa sokoni anasuka watu, simu ikilia vidole vinakufa ganzi. Sikujua! Mama yangu! Nikamfundisha kupoza uji. Tukapuliza wote wawili. Baba akauliza kwani chakula kina moto kiasi hicho? Tukacheka mpaka mlenda ukampalia Mama.

Kasema kesho nicheze. Kasema na yeye atakuja. Kasema sweta moja!

(Picha: Mama na mimi, mashavu kama maputo.)

Ijumaa, 10 Februari

Niko uwanjani, pembeni. Napumzika, kwa hiyo naandika. Vumbi linaingia mpaka kwenye karatasi.

Tuko sawa na Sita B. Kwao amebaki Suhuyini, miguu mirefu kama ngazi. Kwetu nimebaki mimi. Mama yuko ng'ambo ya uwanja, kwenye benchi la wazazi, na dumu zima la maji. Dumu!

Nimecheza mara mbili, nimeshinda zote. Halafu kitu kikanichoma gotini. Nikainua mkono, nikaomba kupumzika. Hakuna aliyeniambia. Nimeamua mimi.

Mwalimu Sanatu kaja mbio. Nikasema, "Mwalimu, sijui bado. Niache nijikague." Akanisogezea maji.

Pumzi nje. Polepole. Moyo unakimbia — huo naujua. Goti? Nalibonyeza. Linauma kidogo. Au nilitua vibaya? Likizidi nitasema, hata kama ni zamu ya mwisho. Lisipozidi nacheza, na Suhuyini ajiandae!

Tiyumba kachuchumaa karibu yangu. Kwa mara ya kwanza hana utani. Anauliza kama naweza. Nimemwambia angoje.

Bado linachoma. Si zaidi. Si pungufu pia.

Mama kaona. Kasimama. Dumu limeanguka, maji yanamwagika, hata haangalii. Anakuja.

Nimemnyooshea kiganja. Subiri, Mama.

Amesimama pale pale, kashika kifua. Anapuliza. Naona mashavu yake.

Amerudi kukaa.