Kaka, Usiiuze Nyumba ya Baba

Ghorofa ya tatu, mlango wa nyuma,
Juu ya duka la dobi.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Kaka Pima-Tena,

Salaam nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na Mama. Hamjambo huko? Mgongo wako unaendeleaje, au bado unabeba mbao peke yako kama kijana? Na magoti ya Mama je? Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa dawa za kusafishia sakafu pale hospitali, na wiki hii usingizi umeniruka kwa sababu yako.

Nilikwenda kuiona ile nyumba uliyoipenda kwenye simu, kama ulivyoniomba. Sikwenda na dalali, maana dalali hukupeleka saa anayoitaka yeye. Nilikwenda peke yangu, asubuhi, siku ya kazi. Mama mmoja aliyepanga humo alinifungulia, akanitembeza nyumba nzima bila hiyana.

Nyumba ni nzuri, siibezi. Lakini nyuma ya ule ukuta mweupe, ulipodhani kuna bustani, pana gereji ya malori. Yakiwashwa, vijiko vinacheza mezani. Vyumba vya kulala na bafu vyote viko juu, na ngazi ni nyembamba, haina hata pa kujishikia. Nilipanda nikimfikiria Mama, nikashuka nimenyong'onyea.

Nikamuuliza yule mpangaji kuhusu lile banda la pembeni unalotaka kulifanya karakana. Alicheka mpaka akakaa kitako. Mumewe alitoboa tundu moja tu ukutani, jirani akawaitia polisi. Sasa wewe na msumeno wako wa umeme mtaishi wapi?

Nilipoaga akaniambia, "Dada, sisi tunahama mwezi ujao. Bahati yetu tulipanga tu."

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo. Unakumbuka chumba changu cha kwanza huku, kile chenye ukuta uliolia maji hadi godoro likaota ukungu? Nilifungasha begi langu nikahama, basi, yakaisha. Ningekuwa nimekinunua ningekuwa bado nakohoa mle ndani. Halafu kazi yenyewe hujui itakuwa upande gani wa mji. Mimi nimeshahama mara mbili kuifuata kazi.

Kinachonishangaza ni kwamba ni wewe. Hili jina la Pima-Tena hukulipata kwa bahati nasibu. Ubao ukifika karakanani huugusi, unauacha kwanza ukauke na kuizoea hewa ya pale, hata mteja apige kelele vipi. Si ni wewe uliyemwambia mwalimu mkuu kwamba ukimharakishia mlango wake utajikunja hadi aingilie dirishani? Mlango wa mtu unausubiri, nyumba ya kuzeekea unataka kuikata ikiwa mbichi! Nimekasirika, Kaka, sikufichi. Zaidi ya kukasirika, naogopa.

Hapa chini, jirani na dobi, kuna vyumba viwili vinapangishwa. Havina urembo. Jikoni ukifungua kabati sharti mlango uufunge kwanza. Ila hakuna ngazi, na soko liko karibu. Nimezungumza na mwenye nyumba, amekubali kunishikia hadi mwisho wa mwezi. Njooni mkae humo mwaka mmoja, baridi iwapige, joto liwapige, mjue mtaa gani unawafaa. Baada ya hapo ukitaka kununua, nitashika futi mimi mwenyewe, wewe upime.

Lakini ile nyumba aliyotuachia Baba usiiuze. Najua hati ina jina lako na sina la kusema mbele ya sheria. Najua pia umeshapata mnunuzi na kwamba mtatia saini wiki ijayo. Ndiyo maana barua hii nampa muuguzi anayesafiri kesho, aje akukabidhi mkononi. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Jana nilipopiga simu ulikuwa karakanani, akapokea Mama. Ana furaha, amekwisha kunja nguo zake za safari. Akaniambia zile sufuria kubwa amezisugua, akazifunika kwa shuka kuukuu na kuziacha palepale jikoni, asipate taabu ya kuzisaka akirudi.

Akirudi, Kaka. Hujamwambia. Nami nikamjibu kwamba amefanya vizuri.

Msalimie wifi yangu, mwambie sweta zake nimeshazinunua. Msalimie Shangazi Kelele, bila shaka ataisikia barua hii kabla hujaimaliza. Mungu awalinde njiani, na awaachie mlango wa kurudia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,
Kitindamimba