Vijiti Vyeupe Usoni mwa Mama

Kota Bharu, Kelantan
Jumamosi asubuhi

Kwako dada yangu Kak Long,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na Shemeji Fauzi na wanao wasiojua kukaa kimya. Sisi huku hatujambo, ila mimi nina hasira, na utazikuta humu ndani, kwa hiyo usishtuke. Shingo yako inaendeleaje? Mwanao Danish ameniambia kwamba daktari wa huko Shah Alam amekuandikia kipimo cha ile mashine ya sumaku. Nakuomba usiingie kwenye mashine hiyo kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho, tena uisome peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu kama mtu wa enzi za bibi, mimi ambaye kazi yangu ni kompyuta. Kwanza, simu yako inashikwa na watoto kutwa nzima. Juzi nilikuandikia siri zangu za tumbo nikajibiwa na Danish, pole Mama Mdogo, kunywa maji ya moto. Sababu ya pili utaiona mbele.

Tuanze na Mama. Ule uvimbe nyuma ya shavu lake la kulia umekua. Daktari Kamalanathan alishampiga picha za CT, lakini hazikumwonyesha vizuri kama umefika jichoni, kwa hiyo alitaka picha za mashine ya sumaku kabla hajashika kisu. Mama akagoma. Leo mashine ina kelele, kesho ni nyembamba kama jeneza, keshokutwa ana darsa na wanafunzi wake wa Kurani hawana wa kuwafundisha. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamletea mpaka imamu. Imamu akanywa chai, akala vitumbua viwili, akasema kila mtu anaujua mwili wake, akaenda zake.

Na wewe nawe, kila jioni simu. Eti mimi niliye karibu nafanya nini? Eti Mama ni mkaidi na mimi ni mzembe, nimkokote tu. Ningemkokota vipi Mama na mwili ule? Nilichoka mpaka basi. Nikaomba diski ya zile picha za CT, nikasema angalau nizitazame mwenyewe kwenye Tembus, ile “kazi ya sadaka” ambayo wewe na Mama hamchoki kuicheka.

Nitakueleza mara ya mwisho, maana najua watu wakikuuliza unawajibu kwamba mdogo wako anatengeneza kompyuta mbovu. Mashine ya CT humkata mtu kwa macho tu, vipande vyembamba kama mkate wa slesi. Tembus huvipanga upya vipande hivyo mpaka kichwa kizima kinasimama mbele yako kwenye kioo, ukigeuze, ukifungue, ukipime. Ni programu huria: haiuzwi, na matumbo yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuirekebisha. Tunaoitengeneza tumetawanyika nchi nyingi, wengine hatujawahi kuonana, na mshahara wetu ni malalamiko. Mtu hajatoa hata senti moja, lakini akikwama anakufokea kama umekula mahari yake ukamnyima mke.

Basi nikafungua kichwa cha Mama. Mifupa ikatokea vizuri, na uvimbe nikauona. Lakini usoni, chini ya ngozi, kulikuwa na vijiti vyeupe vinavyong'aa: viwili juu ya nyusi, viwili mashavuni, viwili kando ya mdomo. Roho ikaniruka, na nasema kweli haikuruka kwa ajili ya Mama. Ile sehemu ya Tembus inayochora mifupa niliiandika mimi. Nikasema nimekwisha, nimeharibu, na hospitali za watu zinaitumia.

Nikahangaika nayo, nikafumua nikashona, vijiti viko palepale. Mwishowe subira ikaniishia, nikaandika fagio, yaani kipande cha programu kinachofuta kila kitu kidogo kinachong'aa kupita mfupa. Vijiti vikatoweka, Mama akawa safi. Nikalitia fagio langu ndani ya Tembus walitumie wote, nikajiona hodari.

Haukupita muda Vibol akanijia juu. Huyu ni daktari wa meno wa Phnom Penh, mwenzetu katika kazi hii, na ulimi wake una pilipili. Akaandika mbele ya wenzetu wote kwamba fagio la Bi Nazihah limeiba meno ya dhahabu ya wagonjwa wake. Akasema bibi yake mwenyewe alivuka vita na njaa jino lake la dhahabu likiwa mdomoni, leo amekuja kuporwa na msichana wa Kelantan. Nikamjibu kwa ukali kwamba nafuta kasoro, siibi, nikamtumia kipande kimoja cha picha, bila jina, ajionee. Akakipima, akanirudishia jibu kwamba vijiti vyote vina urefu mmoja, wa punje ya mchele, na vimekaa kulia na kushoto kama maharusi. Akaniuliza, dada, uchafu gani huo wenye adabu namna hii? Halafu akauliza mgonjwa ni mtu wa wapi. Nikaifunga kompyuta. Nilisema moyoni kwamba anajifanya mjuaji.

Nadhani nilikuwa nimeshajua, Kak Long, ila sikutaka kujua. Nani aliyekulia huku hajasikia habari za susuk, vile vijisindano vya dhahabu ambavyo mganga humchomeka mtu usoni ili apendwe? Lakini hayo tuliambiwa ni mambo ya waimbaji, na ya wauza sokoni wanaotaka wateja. Si ya mwalimu wa Kurani anayewakemea majirani kwa hirizi ya mtoto mchanga.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nikampelekea Mama mishikaki. Akachukua uma. Akavua nyama kutoka kijitini, kipande kimoja kimoja, kama tulivyomwona akifanya maisha yetu yote. Mimi nilikuwa nimeshatia kijiti changu mdomoni, nikakisahau humo. Mwenye susuk hali mshikaki kijitini, hali mlonge, hapiti chini ya kamba ya nguo. Akifanya hivyo, wanasema, sindano zake zinakufa, nguvu zinaisha. Na Mama unamjua, anazunguka ua mzima kumfuata kuku mmoja ili asipite chini ya kamba. Sisi tulidhani ni usafi.

Nikaleta kompyuta, nikaiweka katikati ya sahani, nikamgeuzia uso wake. Aliutazama sana. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kwa nini nimemnyoa. Nikamwambia mashine haioni nywele. Akasema basi mashine yenyewe si ya kuaminika. Nikaweka kidole kwenye vijiti, nikamuuliza, na hivi je? Akakifunika kioo kwa ncha ya ushungi wake, kama mtu aliyefumwa anaoga.

Akasema ni Baba. Baba alipoanza zile safari za Pasir Mas zisizoisha, Mama alivuka mto mpaka Golok kwa bibi mmoja wa Kisiam, akachomekwa zote sita kwa mkupuo. Nikamkumbusha kwamba Baba aliondoka hata hivyo, akaoa hukohuko Pasir Mas. Akanikata kauli kwamba Baba hakuwa na kosa, kosa ni la kwake yeye, alijisahau kwenye harusi ya jirani akala mshikaki kijitini. Kak Long, nusura nipige ukelele! Miaka yote hii mwanamke huyu anabeba lawama ya mume mhuni kwa sababu ya kipande cha kuku. Nilimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, sikujua nianze na lipi.

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akakubali nimpigie daktari, mradi yeye akae uani asisikie. Daktari Kamalanathan hata hakushtuka. Kumbe alishaviona, na alishamuuliza Mama mara mbili kama ana chuma chochote usoni. Mama alimjibu kwamba yeye ni mwalimu wa Kurani. Daktari hakutaka kumvunjia heshima, akawa anangoja aseme mwenyewe. Alinieleza kwamba dhahabu tupu haivutwi na sumaku, lakini hakuna ajuaye waganga wanachanganya nini. Huenda kikapata moto mwilini, huenda kikaharibu picha palepale panapotakiwa kuonekana. Wakiambiwa mapema wanajua la kufanya, na Mama watampima Jumanne kwa uangalifu. Anayejihatarisha ni yule anayeingia akiwa amenyamaza.

Fagio nimeliondoa. Vibol nimemwomba radhi mbele ya wote, naye amejibu kwamba bibi yake anatabasamu tena.

Sasa tuje kwako. Nilidhani mambo yameisha, tukarudi kula. Nikamtajia Mama kwamba hata wewe umeandikiwa sumaku. Akaangusha uma.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka, eti nakula mishikaki kama paka wa sokoni? Wewe ulifunzwa uma, wewe ulifunzwa kuzunguka kamba, wewe ulikatazwa mlonge. Mimi hakuna aliyenikataza kitu. Nimekua nikiamini kwamba adabu za Mama ziliishia kwako, mimi nikabakiwa na makombo, na iliniuma kuliko nilivyowahi kukwambia. Lakini fikiri, Kak Long. Utotoni tulikula kijitini sote wawili. Adabu zako zilianza wiki ya harusi yako.

Na ile safari yenu ya Golok kununua vitambaa, unaikumbuka? Yule bibi aliyekukanda uso kwa mafuta, eti ndivyo bibi harusi anavyotengenezwa, ukarudi unalalamika kidevu kinawaka? Ni bibi yuleyule. Iko moja, dada yangu, kidevuni, upande wa kushoto. Wewe hujui, Shemeji hajui. Alijua Mama peke yake, na sasa mimi.

Ndiyo maana aligoma. Aliona akiulizwa za kwake, ataulizwa na ya kwako. Anaamini kwamba ukijua tu, itakufa, na Fauzi atafanya kama Baba. Alikuwa radhi jicho lake liende, mumeo abaki. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Niliporudi nikamuuliza kwa nini mimi sikupelekwa Golok. Akasema ingekuwa kupoteza dhahabu bure, ningekula mshikaki kijitini kesho yake. Nilicheka hadi nikalia, au nililia hadi nikacheka, sijui.

Ameniapisha kwamba sitakwambia kwa mdomo wala kwa simu. Kalamu hakuitaja.

Basi umeshasoma. Kwa sheria za Mama, sindano yako imekufa tangu mstari ule wa kidevu. Fungua mlango, nenda sebuleni, umtazame Shemeji. Ukimkuta bado yupo, ameweka miguu juu ya meza kama kawaida yake, basi yupo kwa sababu zake mwenyewe, na amekuwepo kwa sababu zake miaka yote hii. Kisha kamwambie daktari, ndipo uingie kwenye mashine.

Mama anakusalimu sana. Anadhani nimekuandikia namna ya kukaanga keropok za samaki nilizokuwekea kwenye mfuko huu. Mafuta yawe ya moto kweli, usiwe na haraka. Msalimie Shemeji, wabusu watoto, na barua hii Danish asiione. Ukija sikukuu nitanunua mishikaki, tule sote watatu, uma tuziache kabatini.

Ni mimi mdogo wako, paka wa sokoni,
Wan Nazihah